Dakika Arobaini na Nne Ndani ya Eda

Ijumaa, 21 Machi

Dada yangu Mwanatabu, aliyekuja kukaa nami, amenitupia daftari hili mapajani, akasema niandike, maana amechoka kunisikiza nikizungumza na ukuta. Basi naandika.

Mimi ni Johari, mke wa Talha, fundi wa umeme wa bandarini. Talha alianguka mbele ya msikiti hapa Mtopanga Jumapili ya tarehe tisa, alfajiri, akiwa amefunga. Baada ya alasiri alikuwa ameshazikwa. Wanaokuja kunipa pole husema ni kifo kizuri, na mimi sikatai. Nimebaki na eda yangu ya miezi minne na siku kumi, mpaka tarehe kumi na nne Julai. Sitoki nje, sitii manukato wala wanja, nguo yangu haina pambo. Nashona kofia, nasali, nakaa. Hayo sina ugomvi nayo. Ni haki ya Talha juu yangu.

Ugomvi wangu ni wa chumba cha kando. Humo mna sahani za santuri mia na arobaini, alizozikusanya kwa mabaharia miaka thelathini. Baharia akiharibikiwa na redio, Talha alimtengenezea, na alipoulizwa ujira, alisema, nipe muziki wa kwenu. Aliupenda muziki wa aina moja. Aliuita roki ya orkesta: magitaa na ngoma za vijana, lakini wimbo mmoja unachukua nusu saa, unapanda, unashuka, unageuka, kama watu wanaojenga nyumba wakiwa ndani yake. Katika zote alikuwa na moja aliyoipenda kuliko nyingine. Lugha yake hatukuijua, na nchi ya baharia aliyempa sasa haipo kwenye ramani. Jalada lake lina picha ya mlango mwekundu uliosimama peke yake shambani. Sisi tuliiita Mlango Mwekundu.

Kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana aliiweka. "Johari, kaa leo mpaka mwisho. Dakika arobaini na nne tu." Na mimi nilikaa mpaka filimbi ilipoingia katika wimbo wa pili, kisha nikasimama. Sufuria inaniita, nguo zitanyeshewa, kofia ya watu haijesha. Miaka ishirini na miwili. Ijumaa ya mwisho kabla ya Ramadhani nikamwambia, "Subiri Mfungo Mosi uandame. Nitakaa mpaka mwisho, wallahi." Akacheka, akasema ameshasikia.

Jana mdogo wake, Riyadh, alikuja. Yeye ni mwalimu wa madrasa kule Magogoni, na ni mtu wa heshima. Alizungumza nami nyuma ya pazia, kama inavyopasa. Alisema sahani zile zitoke nyumbani, zichomwe, kwa sababu kila zinapozunguka marehemu anaandikiwa dhambi kaburini.

Nikamjibu, "Shemeji, katika nyumba hii hakitoki kitu mpaka nitoke mimi."

Akasema, "Basi siku ile ile ya kutoka eda."

Sikusema ndiyo. Naandika hapa ili nisije nikasahau kwamba sikusema ndiyo.

Jumatatu, 24 Machi

Kofia moja nimeimaliza. Mvua bado.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Watu wamevaa vyao, watoto wanapita mlangoni. Mwezi wa Mfungo Mosi umeandama na mimi niliapa. Dada Mwanatabu amepika pilau, nimekula kijiko kimoja.

Ijumaa, 4 Aprili

Leo nimeingia chumba cha kando baada ya sala ya adhuhuri. Nimefanya kama alivyokuwa akifanya: kitambaa, vumbi, sahani juu, sindano chini taratibu. Dada akaniuliza kutoka ukumbini, "Johari, wafanya nini humo?"

"Nakaa."

Ninaandika nilichosikia, kwa kuwa sijawahi kukisikiza kwa nia. Kwanza kengele ndogo, kama vijiko katika sinia. Kisha kinanda, sauti nzito ya chini kabisa, haisemi kitu, inakaa tu. Halafu ngoma zinaingia na hapo nikachukia. Hazina mahali pa kushika. Nimeimba vugo tangu nina miaka kumi na miwili, nimepiga pembe katika harusi za Kisauni yote, na mwili wangu unajua pigo linaporudi. Hapa kila nikitarajia lirudi, halijafika. Mtu anaimba kwa sauti ya juu, mwanamume, kama anayemwita mtu ng'ambo ya kivuko. Gitaa linalia juu yake. Wote wanasema kwa pamoja na hakuna anayemsikiza mwenzake.

Ilipoingia filimbi nilijikuta nimesimama. Hakuna sufuria jikoni. Hakuna nguo kambani. Miguu ilisimama yenyewe kwa mazoea. Nimeinua sindano, nimekaa sakafuni, nimelia kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Jumapili, 6 Aprili

Mvua ya kwanza. Dada anasema ule muziki ni kama kabati la vyombo limeanguka, na lingeanguka mara moja likaisha ingekuwa afadhali.

Ijumaa, 11 Aprili

Leo nimejifunga kibwebwe. Nimekwenda na kofia mkononi ili nisisimame. Kofia ya kushona kwa mkono ni hesabu: unazungushia uzi tundu moja, unahesabu mishono, unakwenda tundu la pili. Basi ngoma zilipoanza kidole changu kikaanza kushona pamoja nazo bila kuniuliza. Moja mbili, moja mbili, moja mbili tatu. Moja mbili, moja mbili, moja mbili tatu. Ni saba. Wale watu wanapiga saba. Ndiyo maana sikuwa na pa kushika, nilikuwa nikitafuta sita ya vugo.

Nilicheka peke yangu. Ningempata Talha ningemwambia, mbona hukuniambia ni saba tu?

Filimbi ikapita, nikabaki nimekaa. Wimbo wa pili ni mzuri, nakiri. Filimbi ile haina haraka, na nyuma yake mna kinanda chengine kinachotoa sauti za watu wengi wakiimba aaa bila midomo kufunguka sawasawa, kama kwaya iliyo nyuma ya ukungu. Wa tatu ni mfupi, gitaa tupu. Nikageuza upande wa pili, ambao wote ni wimbo mmoja. Nikafika kama dakika ya tano, stima ikakatika. Ilirudi magharibi. Dada alisema nisianzie pale nilipoachia, ni kama kula nusu ya futari. Alikuwa akinikejeli, lakini ni kweli. Talha alikuwa hakubali mtu aingie katikati. Nitaanza upya.

Ijumaa, 18 Aprili

Dada ameizima mwenyewe leo, dakika ya tatu. Kichwa kinamuuma. Tumenuniana mpaka jioni.

Jumamosi, 19 Aprili

Margret, mpangaji wa chumba cha nyuma, amebisha. Ni mtu wa bara, anauza kabeji kwa jumla sokoni Kongowea. Huondoka mapema sana na saa saba mchana huwa amesharudi. Miaka mitatu tumeishi ukuta kwa ukuta na nilikuwa namwona mtu wa haraka na sauti kubwa. Alisimama mlangoni na leso yake mabegani, akasema, "Bi Johari, samahani. Ule muziki wa jana, kwa nini ulikatwa?"

Nikamwambia dada yangu hapendi.

"Mimi hupiga kinanda kanisani," akasema. "Yule mtu wa kinanda anajua kazi. Mzee Talha akiuweka Ijumaa mimi nilikuwa nalala sakafuni nimeweka sikio kwa ukuta. Sikuwahi kumwambia. Niliona haya."

Miaka mitatu Talha alitafuta mtu mmoja wa kukaa naye, na alikuwako, nyuma ya ukuta.

Ijumaa, 25 Aprili

Leo nitaandika yote.

Niliweka sahani saa nane. Dada alikuwa amelala. Nilimaliza upande wa kwanza, nikageuza. Upande wa pili unaanza na gitaa moja, tone, tone, kama maji kwenye ndoo tupu. Kisha ile kwaya ya ukungu, kisha ngoma za mwendo wa askari. Halafu kama dakika ya kumi na moja wanaanza kugombana. Kinanda kinalikata gitaa, ngoma zinakimbia mbele, gitaa la besi linanguruma peke yake pembeni. Nilikuwa nimeinamia spika, nimesahau kofia, nataka kujua nani atashinda. Ndipo nikasikia hodi, na kabla sijazima, Riyadh alikuwa ukumbini.

Hakupaza sauti. Riyadh hapazi sauti kamwe. Alisema kutoka upande wa pili wa pazia, "Shemeji, mtu wa eda."

Nikasema, "Abee."

"Mtu wa eda anapiga ngoma nyumbani."

"Sipigi. Nasikiza."

"Watu wanapita njiani wanasikia. Wataniuliza mimi. Marehemu hana hata siku hamsini."

"Ana siku arobaini na nane. Mimi ndiye ninayezihesabu." Nilikuwa nimesimama karibu na pazia, naona kivuli cha kanzu yake. "Riyadh, nimevaa rangi?"

"Hapana."

"Nimetia manukato? Nimetoka mlango huu hata kwenda kununua chumvi?"

"Hapana, shemeji."

"Basi nimekaa ndani na mume wangu. Ndivyo eda ilivyo."

Kisha akasema taratibu, "Wewe wakaa naye hapa. Mimi namfikiria kule aliko." Akaaga, akaondoka.

Maneno yale yamenichoma kuliko kama angenitukana. Mimi pia ni Mwislamu, mimi pia namfikiria kule. Nimesali magharibi nikakaa juu ya msala muda mrefu. Nimemuombea. Kisha nikajiuliza kama kuna kitu ninachokiona haya mbele ya Mola wangu katika zile dakika arobaini na nne, nikatafuta kwa haki, sikukiona. Kama nakosea, nitajibu mimi. Sitajibu kwa ulimi wa Riyadh.

Ijumaa, 2 Mei

Wanawake waliokuwa wakija Alhamisi kusoma Yasini nyumbani kwangu hawakuja jana. Wametuma udhuru, wote watano udhuru mmoja: mvua. Mvua haikunyesha.

Ijumaa, 9 Mei

Leo imenyesha kweli. Mabati yananguruma, sisikii hata kengele za mwanzo. Nimekaa vivyo hivyo mbele ya sahani inayozunguka, nikashona saba saba kwa kukumbuka.

Jumanne, 13 Mei

Mvua. Chumba cha kando kinavuja pembeni. Mimi na dada tumesogeza masanduku ya sahani hadi ukumbini, karibu na mlango. Dada amelalamika mgongo, lakini amebeba zaidi yangu.

Alhamisi, 22 Mei

Saa nne asubuhi hodi ilipigwa. Dada Mwanatabu alidhani ni mtu wa unga, akafungua. Alikuwa Riyadh, na watu wawili wa msikitini kwake, na nje mkokoteni wa kukodi.

"Shikamoo dada," akasema kwa adabu. "Tumekuja kuchukua vitu vya marehemu."

Masanduku yalikuwa pale pale mlangoni, sisi wenyewe tuliyaweka. Walianza kuyabeba. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na buibui sijavaa. Nilijifunga leso mbili, nikatokea.

"Riyadh, tulisema mpaka nitoke."

"Wewe ulisema, shemeji. Mimi nimeogopa. Kila Ijumaa inayopita ni nyingine juu yake."

"Talha hakuacha mtoto. Wewe ni mrithi, sikatai. Na mimi ni mrithi. Robo ya kila kitu alichokiacha ni yangu, na wewe ndiye unayewafundisha watoto hesabu hiyo."

"Robo ya haramu ni haramu."

"Nani amehukumu kuwa ni haramu? Umekwenda kwa kadhi?"

Masanduku manne yalikuwa yameshafika mkokotenini. Manyunyu yalikuwa yakianguka. Niliona majalada ya juu yakianza kuloa: lile la ndege wa chuma, lile la mzee mwenye taa, lile la bluu ambalo Talha alilifuta kila mwezi. Nikaenda mpaka kizingitini. Miguu yangu ikasimama pale. Ningeweza kupiga hatua moja nikashika gurudumu. Hatua moja tu, na mtaa mzima ulikuwa umetoka kutazama kama Johari atavunja eda yake kwa ajili ya santuri.

Riyadh alinitazama miguu. Hapo nikajua kwamba alijua. Alichagua wakati ambao siwezi kumfuata.

Sikutoka. Nilisimama kizingitini na nikasema kwa sauti ambayo hata walio msikitini waliisikia, "Mimi Johari mke wa Talha sijaridhia. Kila mtu hapa ni shahidi. Sijaridhia."

Margret siku hiyo alikuwa anarudi mapema kutoka Kongowea. Alitupa mfuko wake chini, akasimama mbele ya mkokoteni. "Nyinyi mmetumwa na nani?" akawauliza wale wawili. "Mama wa watu analia eda na nyinyi mnabeba nyumba yake." Hakuwa anajua masharti yetu vizuri, lakini alisimama. Mmoja wao, kijana wa watu, aliinamisha macho. Wakamzunguka. Mkokoteni ukaenda.

Dada Mwanatabu amekaa jikoni tangu hapo. Jioni alikuja na chai, akaniwekea, akasema, "Mimi ndiye niliyefungua." Nikamwambia hakujua. Akasema, "Nilitaka kelele zile ziishe, Mungu shahidi wangu. Lakini si kwa ndia hii."

Kisha akaniuliza kama zote zimekwenda. Nikamshika mkono nikampeleka chumba cha kando. Chini ya kitambaa, juu ya mashine, Mlango Mwekundu ilikuwa bado imelala tangu Ijumaa. Jalada lake lilikuwa nyuma ya spika. Wao walichukua masanduku tu.

Ijumaa, 23 Mei

Dada ameketi mlangoni tangu asubuhi na mchi wa kinu mapajani. Nimemuuliza wa nini. Amesema, wa pilipili.

Ijumaa, 30 Mei

Leo nimeisikiza na dada akiwa ukumbini, mlango wazi. Nimefika mbali kuliko siku zote. Ule ugomvi wa dakika ya kumi na moja hauna mshindi. Wanachoka. Mmoja mmoja anaacha, anabaki mtu wa besi anayetembea peke yake, na kisha filimbi inarudi. Ile ile iliyokuwa ikinisimamisha. Ilikuwa upande wa kwanza, sikutarajia kuikuta huku. Safari hii iko chini, inatembea taratibu, kama mtu aliyeugua akapona.

Halafu sindano ikakwama. Dakika ya kumi na saba ya upande ule, filimbi ile ile, sauti tatu, zikirudi, zikirudi. Niliizima. Margret alikuja, akaitazama sahani dhidi ya mwanga, akasema ni uchafu wa ile mvua, umekauka ndani ya mfereji. Ameniahidi kitambaa laini wanachosafishia kinanda chao kanisani.

Dada akaniuliza wakati wa chakula, "Ile filimbi, mwishowe yafika wapi?"

Nikamwambia sijui.

"Wewe nawe," akasema. "Miezi miwili."

Jumamosi, 7 Juni

Idi ya kuchinja. Wawili katika wale wanawake wa Yasini wameleta nyama. Hawakusema kitu juu ya mvua.

Alhamisi, 12 Juni

Riyadh amekuja. Dada alimkaribisha barazani, mchi akauegemeza ukutani mahali anapouona. Mimi nilikaa nyuma ya pazia.

Amekonda. Alianza kuniuliza hali, nikamjibu. Kisha akasema, "Nilizichoma siku ya pili yake, nyuma ya madrasa."

Nilikuwa nikijua. Lakini kujua na kuambiwa ni vitu viwili.

"Haziwaki," akasema. "Zinayeyuka. Ukatoka moshi mweusi, watoto wakakohoa, nikawaruhusu waende kwao. Nilikaa pale mpaka zikaisha. Nilidhani nitapata utulivu, shemeji."

Niliiweka kofia chini.

"Mimi ndiye niliyemwosha," akasema. "Kwenye kidole chake cha shahada kulikuwa na kovu la umeme. Alilipata akinionyesha mimi jinsi taa inavyofungwa, nikiwa na miaka saba. Nilipolishika nikaogopa. Nikasema, ndugu yangu anakwenda peke yake, na mimi sikumfanyia lolote."

Nimeishi na mtu huyu kama shemeji miaka ishirini na miwili na sikuwahi kumsikia akisema kwamba anaogopa kitu kwa sauti ile. Nilimwona mtoto wa miaka saba mbele ya taa. Moyo wangu ulilainika, na nikaukamata kabla haujalainika wote.

"Riyadh," nikamwambia, "ungekuja ukaniambia hivyo Machi, tungekaa barazani tukamuombea sote. Hukuja hivyo. Umeniletea mkokoteni."

"Ni kweli."

Kisha akasema, "Moja imebaki. Nimezihesabu. Alikuwa akisema ni mia na arobaini."

"Imebaki."

"Nitoe hiyo, shemeji. Nimalize."

"Sikupi."

Alikaa kidogo, akanywa maji, akaondoka. Dada akasema huyu mtu ana huzuni. Nikamwambia huzuni yake naiona, na sahani simpi.

Ijumaa, 20 Juni

Hakuna stima siku ya tatu. Transfoma ya mtaa imeungua. Nimesafisha sahani kwa kitambaa cha Margret, mfereji kwa mfereji, nikiishika pembeni kama alivyokuwa akiishika.

Ijumaa, 27 Juni

Stima ilirudi Jumatano, ikaondoka leo saa saba unusu. Sina la kuandika.

Ijumaa, 4 Julai

Nimefika mwisho.

Tulikuwa watatu. Margret alikuja na kigoda chake. Dada Mwanatabu alisema anakaa kwa sababu chumba kile kina upepo. Nilifungua madirisha yote mawili. Wapitao njiani wasikie, nimeshawazuia kusikia vya kutosha.

Kengele. Kinanda cha chini. Saba zikaingia na mimi nikashona. Nilimwona dada akitikisa kidole gumba, moja mbili, moja mbili, moja mbili tatu, na nikajifanya sijaona. Filimbi ikaja, hakuna aliyesimama. Gitaa tupu. Nikageuza. Matone. Kwaya ya ukungu, na Margret akafumba macho. Askari. Ugomvi. Dada akasema, "Watauana hawa," Margret akamwambia, "Ngoja, mama." Wakachoka. Besi ikatembea. Filimbi ikarudi, ikafika pale ilipokwama, na ikapita. Sote tulivuta pumzi.

Baada ya hapo ilikuwa nchi ambayo sijawahi kuikanyaga. Kinanda kikachukua sauti ya filimbi, kikaikuza. Margret akanishika goti, akaninong'oneza, "Ni ule wimbo wa kwanza kabisa. Ule wa mtu anayeita. Ameupunguza mwendo." Nami nikausikia. Yule mtu aliyekuwa akiita ng'ambo alikuwa amejibiwa. Gitaa likapanda juu ya kinanda, kwaya ikatoka kwenye ukungu, ngoma zikarudi zote, na mimi nikashika sindano yangu nikashona saba.

Nikabaki na mshono mmoja mkononi.

Nikaanza tena. Moja mbili, moja mbili, moja mbili. Tena nikabaki na mmoja. Nikaelewa. Wamepunguza pigo moja. Saba imekuwa sita. Wametembea dakika arobaini na mguu mmoja ukiwa mrefu, na mwishoni wameuweka chini. Sita ni vugo. Sita ni mwendo ninaoujua tangu nina miaka kumi na miwili. Nikaiacha kofia nikapiga mkeka kwa kiganja, na dada yangu Mwanatabu, mwenye miaka sitini na sita, akapiga pamoja nami.

Talha alikuwa akigonga meza wakati huu. Nilikuwa nikimsikia kutoka jikoni nikidhani ananiitia chai.

Mwisho wake si mkubwa kama nilivyodhani. Ngoma zinaacha, kinanda kinashikilia sauti moja, inazidi kwenda mbali, mpaka hujui kama bado unaisikia. Kisha sindano inakwaruza tu. Hakuna aliyeinuka kuizima kwa muda.

Dada ndiye aliyesema kwanza. "Basi hii ndiyo aliyokuwa akikwitia?"

"Ndiyo."

"Na wewe ukenda kutazama sufuria."

"Ndiyo, dada."

Hakuniliwaza. Alikuwa na haki ya kutoniliwaza.

Jumapili, 13 Julai

Wanawake wote watano wa Yasini wamekuja kusaidia kupika kwa ajili ya kesho. Mmoja aliniuliza kwa sauti ya chini ile filimbi ya Ijumaa iliyopita ilikuwa ya redio gani.

Jumatatu, 14 Julai

Wamenikosha, wamenivisha kanga mpya za kijani, wamenitia udi na asumini. Dua ya maghufira imesomwa kwa Talha. Baada ya chakula nilivaa buibui, nikachukua Mlango Mwekundu ndani ya jalada lake, nikatoka. Dada akauliza naenda wapi. Nikamwambia Magogoni. Akataka kuja na mchi, nikamwambia sihitaji.

Jua la Julai si kali lakini liliniumiza macho, na njia ilikuwa pana kuliko nilivyoiacha. Nilitembea polepole. Jalada sikulifunika. Walionisalimu niliwajibu.

Riyadh alikuwa nje ya madrasa, watoto walikuwa wameshatoka. Aliinuka aliponiona. Aliona nilichokibeba, na nadhani alidhani nimekuja kumpa, maana alinyoosha mkono kidogo.

"Sikuja kukupa," nikamwambia. "Nimekuja kwa sababu siku ile ulitazama miguu yangu. Leo miguu imefika."

Akaurudisha mkono. "Nilikosea," akasema. "Robo yako nimeichoma. Mimi, mwalimu wa mirathi. Nisamehe."

"Nitakusamehe utakapoyasema hayo hayo mbele ya wale wawili uliokuja nao. Walikuona ukichukua, wakuone ukikiri."

Alifikiri. "Ijumaa, baada ya sala," akasema. "Inshallah."

"Sema Ijumaa."

"Ijumaa."

Nikageuka kuondoka. Akaniita, "Shemeji. Mule ndani wanasema nini?"

"Lugha yao siijui. Mtu anamwita mwenzake, muda mrefu, na mwisho anaitikiwa. Kila Ijumaa saa nane mlango wangu uko wazi. Njoo ukae barazani, na dada yangu atakuwako."

"Siwezi, Johari. Wajua siwezi."

"Hiari yako. Lakini usinihukumie tena kitu hiki. Mimi nimekisikiza mpaka mwisho, na wewe hukusikiza hata kengele zake."

Nikaiweka sahani kwapani, nikashika njia ya Mtopanga.